TUZUNGUMZE KIDOGO: Wenye kuandamana wako na haki ya kufunga njia?



Mwezi huu nilipata barua ya baba moja wa familia, mwenyeji wa komini ya Manika. Ninaandika maneno yake: "Kila mara kamio inapogonga mtu, vijana wanafunga njia. Kila mara kampani inapofukuza watu, wanafunga njia. Hata mshahara ukichelewa, ni njia. Mimi ni mtumishi, nikichelewa ninakatwa siku. Je, wale vijana wako na haki ao hapana?"

Baba, asante kwa swali. Si swali jepesi. Kabla ya kulijibu, munipe nafasi niwaelezee jambo nililoliona na macho yangu.

Nilikuwa ndani ya bisi, natoka Lubumbashi narudi Kolwezi. Tulishapita Likasi, tulishapita Nguba pale RN39 inapoachana na RN1, na watu wengi walikuwa wanasinzia. Kufika kwenye kijiji kimoja (jina lake ninaliacha, wenyeji watajitambua), bisi ikasimama. Mbele yetu makamio yalipangana, sikuona mwisho. Moshi mweusi ulikuwa unapanda. Mapine ya zamani yanaungua katikati ya lami, na magogo, na mawe, na kitanda cha chuma bila godoro. Asubuhi ile kamio ya mizigo ya mugodi iligonga mtoto mwanamke wa miaka saba aliyekuwa anavuka kwenda kuteka maji. Alikufa palepale. Dereva alikimbia porini.

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama. Ndani ya bisi yetu mulikuwa mama moja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, anampeleka lopitalo. Homa ilikuwa kali, mtoto akaanza kutetemeka. Mama akashuka kwenda kuwaomba vijana. Moja wao, macho mekundu kwa moshi na kwa machozi, akamjibu: "Mama, hapa hapapite mutu. Banaua mutoto wetu. Kama hatufunge njia, nani atatusikia?"

Maneno yale sikuweza kuyachukia. Lakini pembeni kidogo kulikuwa kijana mwingine, yeye hakulia hata kidogo. Alikuwa anapokea makuta. "Mulete elfu tano, tunafungua kidogo." Wenye pikipiki walishaanza kulipa na kupita.

Ndipo akatoka mama mzee, miguu bila viatu, kitambaa kimefungwa kiunoni kama wanavyofunga wenye matanga. Alikuwa nkambo wa yule mtoto aliyekufa. Alimsukuma yule wa makuta kwa mkono, akawaambia wengine: "Wetu alishakufa. Huyu eko mzima. Mumufungulie." Waliondoa magogo mawili. Mama na mtoto wake wakapanda nyuma ya pikipiki, wakapita. Kiisha wakarudisha magogo, na sisi wengine tukabaki.

Saa ya mangaribi wakafika watu wa kampani, na polisi, na mkubwa moja wa teritware. Waliongea muda mrefu chini ya mwembe. Waliahidi kusaidia matanga na kujenga dozidani pande zote mbili za kijiji. Njia ikafunguliwa. Mimi nilisema moyoni: ahadi za mangaribi hizi. Lakini nilipopita tena kisha wiki tatu, dozidani mbili zilikuwa pale, zimepakwa rangi nyeupe na nyekundu, na watu wa kijiji wanaziita kwa jina la yule mtoto. Chefu aliniambia kama kwa miaka mine walikuwa wanaandika barua kuomba kitu kilekile. Alinionyesha nakala, amezifunga ndani ya plastiki. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Sasa tufungue Katiba, ile ya 18 Februari 2006. Wengi wanaitaja, wachache waliisoma. Kifungu cha 26 kinasema kwamba uhuru wa kuandamana unalindwa. Kinasema tena kwamba wenye kutayarisha maandamano katika njia za watu wote ao mahali pa wazi wanapashwa kumjulisha kwa maandishi mkubwa wa serikali anayehusika. Musikie vizuri: kumjulisha, si kumwomba. Sheria iliyotangulia, ile dekre-lwa namba 196 ya 29 Januari 1999, ilisema mambo ya ruhusa, na wakubwa wengi wangali wanaishi ndani ya ile. Unapeleka barua ya kujulisha, wanakujibu "hatukubali", kama vile uliomba konji kazini.

Lakini kifungu hicho hicho kina neno lingine ambalo wenye kufunga njia hawalitaji hata siku moja: hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuingia katika maandamano. Niambie, msomaji: mama mwenye mtoto wa homa, dereva wa bisi, muuzaji ambaye lengalenga yake inanyauka juani, wale hawakulazimishwa? Waliandamana siku nzima bila kupenda. Na kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye ndani ya inchi haki ya kutembea huru. Haki ya yule wa magogo na haki ya yule wa bisi zimeandikwa ndani ya kitabu kimoja.

Basi, jibu la sheria, baba wa Manika, ni hili: njia ni yako kwa kutembea juu yake. Hata mukiwa elfu, hata na nyimbo na mabango, hata kama makamio yanapashwa kungoja saa moja mupite. Si yako kwa kuifunga kufuli. Mtu asiseme kwamba kusumbua mwendo wa motokari ni kosa tayari. Kamiti ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza katika mwaka 2020 kwamba maandamano ya amani yanaweza kusumbua mwendo wa motokari na wa watu, na kusumbua pekee si jeuri. Inchi yetu iliingia katika mapatano yale tangu 1976. Kwa hiyo polisi anayepiga watu juu tu wamejaza njia, yeye ndiye mwenye kosa.

Upande mwingine kuna kesi ya walimaji wa Lithuania, inchi ya Ulaya. Mwaka 2003 bei ya maziwa ilianguka, wakakasirika. Serikali iliwapa ruhusa ya kukusanyika mahali palipoonyeshwa. Waliacha mahali pale, wakafunga barabara kubwa tatu. Walihukumiwa siku 60 za kifungo, lakini hukumu ile ilisimamishwa, hawakuingia gerezani. Tribinali ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mule Strasbourg, ilisema mwaka 2015 kwamba haki yao haikuvunjwa, kwa sababu walifunga barabara kwa kusudi wakati walikuwa na nafasi nyingine ya kusikika. Tribinali ile haina mamlaka hapa kwetu. Ninaitaja juu ya neno moja: nafasi nyingine ya kusikika. Walimaji wale walikuwa nayo. Chefu wangu wa barua ndani ya plastiki, yeye alikuwa nayo?

Hapa vijana watanikatiza, ninawasikia tayari: "Na bale habakufunga njia, balipata nini?"

Ni kweli. Mwezi wa Desemba 1941 watumishi wa Union Minière walikataa kazi. Ilikuwa wakati wa vita, shaba inatakiwa sana, bei za vitu zinapanda, mshahara umebaki chini. Tarehe 9 Desemba, mule Lubumbashi iliyoitwa wakati ule Élisabethville, walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Hawakufunga njia ya mtu. Askari wakapiga masasi, makumi ya watu wakafa, na ndani yao Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa jina la wenzake. Wazee wetu walituambia habari ile kwa sauti ya chini.

Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitembea kuomba Konferansi ya Taifa ifunguliwe tena. Walibeba Biblia na rozari. Walipigwa masasi. Tena mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, Kamiti ya Walei wakatoliki, CLC, iliwaita waamini kutembea kisha misa. Siku ya 31 Desemba 2017, nani alifunga njia? Ni serikali: polisi waliweka bariere katika mji wa Kinshasa, na intaneti ikakatwa. Siku ya 21 Januari 2018 aliuawa Thérèse Kapangala, msichana aliyekuwa anajitayarisha kuwa mtawa, pale penye kanisa lake mule Kintambo. Siku ya 25 Februari akauawa Rossy Mukendi. Wala si kwetu pekee. Tarehe 7 Julai 2025, siku wanayoiita Saba Saba, polisi wa Kenya walifunga barabara kubwa za kuingia Nairobi ili vijana wasiandamane, na wafanyakazi wakarudi nyumbani kwa miguu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 37, inatoa haki ya kuandamana bila silaha.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kufunga njia ni tabia ya makrezeri na ya vijana wa mitaa tu. Anayesafiri kati ya Kolwezi na Lubumbashi anajua bariere ngapi anazikuta, zenye karatasi na zisizo na karatasi. Kamba mbili, kiti cha plastiki, na mtu anayenyosha mkono. Kijana wa elfu tano alijifunza wapi?

Na kuna jambo la njia yenyewe. Zamani shaba ilikuwa inapanda mashua-moshi. Ninyi wazee munakumbuka reli ya Benguela mpaka Lobito, kabla vita vya Angola haijaikata mwaka 1975. Kisha reli zetu zenyewe zikachoka, na leo karibu vyote vinapita juu ya lami: shaba, kobalti, chokaa, mafuta, asidi. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba, inapita mbele ya milango ya watu ambao hawana hata taa ya umeme. Mwenye kuishi pale hakuulizwa. Tarehe 20 Februari 2019, mule Kabwe, kamio ya asidi iligongana na bisi, asidi ikamwagika, na watu karibu 20 wakafa kifo ambacho sitakieleza katika gazeti linalosomwa na watoto. Hasira ya kando ya njia haikutoka mbinguni.

Njia moja inayobeba mali yote, ile ni koo. Mwenye kushika koo anasikilizwa mara moja. Mapine matatu yenye kuungua yana nguvu kuliko barua mia, na kila mtu analijua. Ndiyo sababu ninaogopa. Koo ile si ya kampani pekee, ni yetu pia. Mukumbuke Agosti 2024: watu wa usafirishaji walifanya maandamano kule Kasumbalesa, juu serikali yetu ilikataza kuingiza bia na vinywaji vitamu kutoka inje. Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Mama anayepika bukari jioni, mwenye kujua bunga inatoka upande gani, hakuhitaji kuelezewa. Na mwezi wa Februari 2022 madereva wa makamio wa Kanada walifunga daraja la Ambassador, kati ya Windsor na Detroit ya Marekani, karibu wiki moja, juu ya sheria za chanjo ya korona. Viwanda vya motokari vikakosa vyombo, watumishi wakarudishwa nyumbani. Walioamua sheria walikuwa wanakula vizuri siku zote zile.

Wengine wanasema: basi tufanye "ville morte", kila mtu abaki nyumbani, kama 16 Februari 2016. Hapo hakuna gogo njiani. Ninakubali, ni silaha safi, kama ni ya kupenda. Lakini nimeona pia vijana wakipita na mawe kulazimisha maduka yafungwe, na mama wa beinye aliyeweka mandazi yake mlangoni akamwagiwa. Ni kosa lilelile la bariere, limevaa nguo nyingine. Yule mama anakula kwa siku.

Mimi ninafikiri hivi, na anayekataa ataniandikia. Siku mtoto anapouawa, watu wakitoka na kusimama juu ya lami na kulia, sitawaita waasi. Hata sisi tunapokuwa na matanga tunaweka matawi njiani ili motokari zipunguze mwendo, na hakuna dereva anayegomba. Kwa kilio cha namna ile dunia inaweza kungoja kidogo. Lakini kilio kina saa yake. Mara tu mtu wa kwanza anapolipa makuta ili apite, kilio kimekwisha, sasa ni péage. Wenye matanga wenyewe wanapashwa kumfukuza yule wa makuta, kama nkambo alivyofanya, maana polisi akimfukuza atawapiga wote pamoja.

Na mgonjwa apite. Mama wa kuzaa apite. Watoto wa masomo wapite. Hii si jambo la kujadili pale penye moshi wakati kila mtu amepanda hasira. Mutajie watu wawili mapema, wasimame penye gogo la kwanza kwa kazi ile tu. Nilisikia watu wakisema "tukifungulia moja, wote watapita". Si kweli. Siku ile walimfungulia moja, na sisi bisi nzima tulibaki, hakuna aliyenungunika tena. Tulikuwa tumeona.

Kisha, kama munataka kuandamana, muandike ile barua ya kifungu cha 26. Muandike siku, saa, mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na majina ya wanaotayarisha. Mufanye nakala mbili. Moja ibaki kwa burgumestre ao kwa meya ao kwa administratere wa teritware, moja irudi kwenu na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri (wanakataa, ninajua), muende na chefu, ao pasta, ao padri, na muandike juu ya nakala yenu ni nani alikataa, siku gani, mbele ya nani. Na muchague mahali vizuri. Mwenye kuamua mwendo wa makamio hakai ndani ya bisi ya Likasi. Yuko nyuma ya lango la kampani ao ndani ya biro ya jimbo. Kusimama mbele ya lango lile, na mabango, siku tatu, ni taabu kuliko kuchoma mapine, na hakuna anayelipa elfu tano. Lakini muuzaji wa lengalenga atapita, na pengine atawaachia fungu moja.

Kwa wakubwa nina neno pia, kama gazeti hili linafika juu ya meza zao. Mara nyingi ninasikia kwenye redio: "Tutawakamata wanaofunga njia." Vema, sheria iko. Lakini kijiji kinaandika miaka mine, hakuna jibu. Kinachoma mapine siku moja, dozidani zinajengwa. Ni nani aliyewafundisha watu wale? Mukamate kwanza zile barua ndani ya makabati yenu, muzijibu. Hata jibu la "hatuna makuta mwaka huu" ni jibu. Mtu analisoma, anakasirika, anaandika tena. Na siku mutakapowakuta watu njiani, mwende kwanza na mwenye kujua kusema, bunduki zibaki mbali. Watu wa inchi hii wanajua kuhesabu wafu wao tangu 1941.

Baba wa Manika, ninajua utasema sijakusaidia na siku yako iliyokatwa. Ni kweli. Siku ile mimi pia nilikatwa yangu. Uliza kazini kama kuna namna ya kuandikisha kuchelewa kwa sababu ya njia iliyofungwa. Sehemu nyingine delege wa watumishi walilipata jambo lile kwa kuliomba wote pamoja. Na kama kwenu walilipata, utuandikie walifanya namna gani, tutaliandika hapa kwa faida ya wengine.

Mama moja wa Mutoshi aliniuliza tena juu ya hema za matanga zinazofunga avenue nzima wiki moja, na muziki usiku. Mama, nafasi imekwisha. Tutaongea mwezi ujao, na ninajua nitapata maadui.